Biskuti Iliyosifiwa Shubiri Mbili

Haya, sogeeni, na mwenye biskuti mdomoni ameze kwanza, maana kisa hiki kina vumbi la unga na sitaki mtu apaliwe katikati nikalaumiwa mimi.

Kulikuwa na nchi. Jina lake silitaji, na wala si kwa woga, hasha! Ni kwamba jina hilo liko chini ya Wizara ya Majina, na fomu ya kuomba ruhusa ya kulitamka nimeijaza tangu mwaka juzi, bado inasubiri muhuri. Yatosha mjue kwamba ilikuwa nchi njema kupita kiasi. Hapakuwa na kitu kibaya hata kimoja. Ubaya ulipigwa marufuku kwa sheria, na tangu siku hiyo ukahamia nchi jirani, ambako serikali ilipeleka salamu za pole.

Katika nchi hiyo chai ilikuwa jambo la dola. Ikifika saa nne asubuhi kila kitu kilisimama: mahakama, mazishi, hata gari la zimamoto likiwa njiani kwenda kwenye moto. Na chai, kama mjuavyo, haiendi kavu. Ndiyo maana kukawa na Wizara ya Chai na Vitafunwa, na ndani ya Wizara kukawa na Idara ya Uonjaji wa Biskuti, na ndani ya Idara kukawa na mtu mmoja anayeonja. Wengine thelathini na wanane walikuwa wasimamizi wake.

Mtu huyo aliitwa Shaweji Kitunda. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mpole, mwenye suti moja ya kijivu na ulimi usiodanganyika. Alipoonja biskuti alisukutua kwanza kwa maji vuguvugu, akaivunja karibu na sikio asikie mlio wake, akainusa palipovunjika, ndipo akauma. Kisha akafumba macho na kutulia. Wasimamizi thelathini na wanane nao wakatulia, kwa kuwa walikuwa wamelala.

Kila Ijumaa maoni yake yalichapwa katika gazeti la serikali, ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa "Kauli ya Mwonjaji". Sheria ilikuwa moja: kila biskuti isifiwe. Aliyetangulia katika kazi hiyo aliandika kwamba biskuti fulani imechacha, akapewa uhamisho wa kwenda kuhesabu mawimbi ya ziwa. Mpaka leo yuko huko, na hesabu haijatimia.

Basi Shaweji alisifu. Lakini mtu mkweli akilazimishwa kusifu, hebu tazameni anavyotaabika! Ilipoletwa biskuti ya dukani iitwayo Nyota ya Asubuhi, iliyookwa katika ghala lililokuwa la sabuni, aliuma mara moja akatoa povu. Akakaa na kalamu yake saa tatu nzima akitafuta cha kusema, mwisho akaandika: "Karatasi yake ni ya buluu iliyotulia. Pembe zake zote nne zipo. Ukiitikisa pakiti hutoa mlio wa kuburudisha. Imepangwa kwa mistari iliyonyooka, jambo linaloonyesha nidhamu ya wafanyakazi. Atakayeila atajihisi msafi siku nzima."

Ikaletwa Mapenzi Tele, ile ya krimu katikati. Krimu yenyewe ilikuwa punje moja mfano wa dengu. Akaandika: "Krimu yake haina makuu. Inajua mipaka yake wala haiingilii mambo ya biskuti." Akaendelea hivyo mpaka wino ukamwishia.

Lakini kulikuwa na tanuri moja katika mtaa wa Kona Mbili, la mama mmoja aitwaye Bi Siwatu. Biskuti zake zilikuwa za samli, zenye iliki na maganda ya ndimu yaliyokunwa, kingo zake zimeungua kidogo tu, kiasi cha kukufanya ulambe vidole. Shaweji alipoionja mara ya kwanza alifumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa na machozi. Akaandika neno moja: "Nzuri." Akatia nukta, akaenda nyumbani mapema.

Hakukusudia kitu. Ndivyo mambo yalivyo tu: kizuri hakina maelezo mengi, na uongo ndio unaohitaji wasaidizi. Lakini wanawake wa nchi hiyo si watu wa kuchezewa. Baada ya Ijumaa tatu nne wakawa wamekwisha kuelewa. Gazeti likifika, mtu hasomi. Anaweka kidole juu ya ile kauli anapima. Sifa za kidole kimoja, chukua kikapu uende dukani. Za vidole vinne, labda waje wageni usiowapenda. Zikifika shubiri nzima, toka kidole gumba mpaka cha mwisho, wafungie watoto ndani.

Shaweji mwenyewe alichelewa kujua. Alikuwa na desturi ya kupita kwa Bi Siwatu alfajiri kununua biskuti moja ya moto.

"Ahsante kwa kidole, Bwana Shaweji," Bi Siwatu akamwambia siku moja.

"Kidole gani tena, Bi Siwatu? Mimi sijamnyooshea mtu kidole!"

Bi Siwatu akacheka mpaka unga ukamruka kwenye kope, akamweleza habari yote. Shaweji akaingiwa na hofu, kisha akaingiwa na furaha, kisha akaona hofu na furaha zinafanana akanywa maji. Alitaka kumwambia jambo jingine pia, jambo alilokaa nalo moyoni miaka kumi na mmoja. Alikohoa, akaaga, akaenda zake kazini.

Maisha yangeendelea hivyo, maana wakubwa wa nchi hiyo hawakuwa na habari. Wao waliona sifa ndefu wakafurahi. Lakini mkubwa hakosi jambo. Waziri wa Chai na Vitafunwa, Mheshimiwa Chaurembo Kiboga, akafungua Kiwanda cha Taifa cha Biskuti, na kiwanda kikatoa biskuti moja tu, ikaitwa Fahari.

Lo! Mimi ni mtu wa staha, sitaisema vibaya. Nitasema tu kwamba fundi mwashi mmoja alizinunua pakiti mbili akasimamishia kabati, na kabati halijatikisika mpaka leo. Chai ikimwagiwa juu yake ilirudi kikombeni. Mbwa wa mlinzi wa kiwanda alipewa moja, akaifukia, akakaa mbali na mahali pale.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Waziri alitoa hotuba. "Ndugu wananchi! Kuna biskuti zinazomong'onyoka. Nauliza: taifa gani limejengwa kwa kumong'onyoka? Fahari haimong'onyoki! Fahari haiyeyuki! Fahari ni msimamo!" Watu wakapiga makofi, kwa kuwa makofi yalikuwa kwenye ratiba.

Kisha akatangaza Sheria ya Ushindani wa Haki, aliyoitunga mwenyewe na kuitia sahihi pale pale jukwaani. Katika wiki ya Sikukuu ya Taifa kila biskuti iuzwe madukani. Ikifika Jumamosi saa tano, ile itakayobaki nyingi rafuni, tanuri lake litiwe lakiri nyekundu lisifunguliwe tena. Hakumtaja mtu. Alitazama tu upande wa Kona Mbili, akatabasamu.

Ijumaa iliyofuata Shaweji aliionja Fahari. Alisukutua. Alijaribu kuivunja karibu na sikio, ikashindikana, akaletewa nyundo. Alipouma, wasimamizi wote thelathini na wanane waliamka kwa ule mlio. Kauli yake juu ya Fahari ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Alisifu mstatili wake, uzito wake, sauti yake ikianguka sakafuni, uaminifu wake, na uwezo wake wa kurithiwa. Ikafika shubiri na vidole viwili.

Waziri akalibeba gazeti kifua mbele mpaka nyumbani, akamkuta mama yake, Bi Tunu, amekaa barazani. Mbele ya Bi Tunu palikuwa na chai na sahani ya biskuti za samli.

"Mama! Unakula biskuti za Siwatu, na mwanao ana kiwanda? Soma hapa walivyonisifu!"

Bi Tunu hakusoma. Akanyoosha mkono, akapima. Akapima tena, na safari hii akaanza kutoka upande wa pili, huenda amekosea.

"Shubiri na vidole viwili!" akasema. "Chaurembo mwanangu, mna nia ya kuua watu?"

"Shubiri ya nini, Mama?"

Na Bi Tunu, ambaye hakujua kwamba mwanawe ndiye mtu pekee mjini asiyejua, akamweleza kila kitu, mpaka habari ya wageni usiowapenda.

Jumatatu asubuhi Shaweji aliitwa ofisini kwa Waziri. Ilikuwa ofisi ndefu. Ulipoingia mlangoni ulianza kusalimu, na ulipofika mezani ulikuwa umemaliza.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Usinishikamoo!" Waziri akafoka. "Kumbe wewe ni mhaini wa vidole! Miaka yote hii unanitukana kwa sifa! Sasa sikiliza. Ijumaa hii ndiyo ya mwisho kabla ya lakiri. Utaandika kauli mbili. Ya Fahari: neno moja. Nzuri, nukta. Ya huyo mama wa Kona Mbili: ukurasa mzima! Umsifu mpaka watu watapike. Ukizidisha neno kwenye yangu au ukipunguza kwenye yake, kuna mawimbi ya ziwa yanakungoja."

Shaweji akaogopa. Si kwa ajili ya mawimbi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumdanganya mtu. Alisifu kwa uongo, lakini kila mwenye kidole aliujua ukweli. Sasa anaambiwa auchukue ukweli ule ule amwulie nao Bi Siwatu. Mama wa watu ataamka alfajiri na kukuta lakiri kwenye tanuri lake, na mkono ulioandika ni wa Shaweji.

"Nimesikia, Mheshimiwa," akasema. Akageuka aondoke. Alipofika katikati ya ile ofisi ndefu akasimama. Mimi sijui kilichompitia kichwani. Wengine wanasema ni woga, wengine wanasema ni ile harufu ya iliki iliyokuwa imebaki kwenye mkono wa suti yake. Akageuka, akauliza kwa adabu kubwa:

"Samahani, Mheshimiwa. Kwa kuwa ni kauli ya Sikukuu ya Taifa. Itifaki tuiweke, au tuiache?"

Nchini humo mtu aliweza kuacha sala, aliweza kuacha mke, lakini itifaki? Waziri alimtazama kama mtu aliyeambiwa atembee sokoni bila suruali.

"Tuiache? Jina langu litoke hivi hivi, tupu, kama la mwuza dagaa? Weka! Weka yote! Ila biskuti yenyewe, neno moja."

"Neno moja, Mheshimiwa."

"Na ya yule mama usiweke hata chembe ya itifaki. Hatutaki viongozi wahusishwe naye."

"Hata chembe, Mheshimiwa."

Shaweji akarudi mezani kwake. Kwanza akaandika ya Bi Siwatu, ukurasa mzima kama alivyoamriwa. Sentensi ya kwanza aliandika "Nzuri." Zilizofuata zilimtoka kwa uchungu, akisifu karatasi za Bi Siwatu, ambaye hakuwahi kutumia karatasi. Kisha akaandika ya Fahari: jina la Waziri, cheo cha Waziri, na mwishoni "Nzuri." Akaipeleka kwa wasimamizi ipitiwe, akaenda kukaa nyumbani. Alfajiri ya Jumanne hakupita Kona Mbili. Wala Jumatano. Aliona haya.

Huku Wizarani mambo yalikuwa yanaumuka. Waziri alipoiona rasimu alisema wamemsahaulia Udaktari wa Heshima. Ukawekwa. Akakumbuka Uprofesa Mtarajiwa, Uluteni wa Akiba, Ulezi wa Chama cha Wapiga Ngoma, Ubaba wa Chai, na ushindi wake katika mbio za magunia alipokuwa darasa la nne. Vikawekwa. Lakini huwezi kumtaja Waziri bila kumtanguliza Mtukufu Rais, wala huwezi kumtaja Mtukufu Rais bila majina yake kumi na saba. Naibu Waziri akanuna, akawekwa. Katibu Mkuu akatuma barua ya masikitiko, akawekwa pamoja na barua. Wasimamizi thelathini na wanane wakaamka wote kwa pamoja, jambo lililotokea mara mbili tu katika historia, wakadai wawekwe kwa alfabeti. Kisha walioanzia na herufi za mwisho wakalalamika, wakawekwa upya kuanzia mwisho.

Alhamisi alasiri rasimu ilifika kwa mpanga kurasa wa gazeti, mzee mmoja aitwaye Kombo Mavumba, mtu wa miwani minene na maneno machache. Ukurasa ulikuwa mmoja. Itifaki haipunguzwi, aliyewahi kuipunguza alikuwa mwenzake na sasa anasaidia kuhesabu mawimbi. Mzee Kombo akashika mkasi, akatazama kauli ya Bi Siwatu, akaanza kukata kutoka chini kwenda juu, kama kazi yake ilivyo, mpaka nafasi ikatosha.

Ijumaa Shaweji alinunua gazeti. Akalifungua ukurasa wa mwisho. Juu kulikuwa na Fahari: majina, vyeo, masikitiko, alfabeti mara mbili, na huko chini kabisa, kama mtoto aliyepotea sokoni, neno "Nzuri." Akapima. Shubiri mbili. Na chini yake, kwenye kipembe cha ukurasa: "Biskuti za Bi Siwatu, Kona Mbili. Nzuri."

Kidole kimoja. Tena kidole cha mtoto.

Shaweji alikaa chini pale pale barabarani, akacheka, akalia, akaulizwa na askari kama ana kibali cha kufanya vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mji ukataharuki! Shubiri mbili hazikuwahi kuonekana. Watu waliogopa hata kupita mbele ya rafu ya Fahari. Wenye maduka waliifunika kwa kanga. Na Kona Mbili foleni ilianza kwenye tanuri, ikapita soko, ikazunguka Wizara ya Chai na Vitafunwa, ikaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, kwa maana nusu ya watumishi walikuwa ndani yake. Bi Tunu alikuwa wa kwanza, na kiti chake.

Jumamosi asubuhi Mheshimiwa Waziri, ambaye hakuwa amepima, alikwenda kiwandani kuwapongeza wafanyakazi kwa ushindi. Wafanyakazi walikuwa foleni Kona Mbili. Yeye hakulitambua hilo, kwa kuwa alipohutubia alikuwa na desturi ya kufumba macho. Akaanza na itifaki.

Saa tano kamili Koplo Mwinjuma, askari mtiifu aliyepewa nakala ya Sheria, alifika madukani kukagua kilichobaki rafuni. Za Bi Siwatu hazikubaki hata makombo. Za Fahari zilibaki zote, na moja zaidi iliyorudishwa na yule mwashi. Koplo akaisoma Sheria mara mbili. Haikusema tanuri la nani. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Akaenda kiwandani, akasikia sauti ndani ikisema "…na Naibu Msaidizi wa Katibu wa…", akaona si adabu kumkatiza mkubwa, akafunga mlango polepole akautia lakiri.

Lakiri hiyo haivunjwi ila kwa sahihi ya Waziri, itolewe nje ya jengo, mbele ya mashahidi. Waziri yuko ndani. Kamati imeundwa kulitafakari jambo hilo. Watu wasiwe na wasiwasi juu ya chakula chake; Fahari humo ndani zimejaa mpaka darini. Anayepita karibu husikia sauti. Bado yuko kwenye itifaki.

Na Shaweji? Jumapili alfajiri alikwenda Kona Mbili, suti yake ya kijivu imepigwa pasi. Bi Siwatu alikuwa anatoa sinia ya kwanza.

"Siku tano hujaonekana," akasema, bila kugeuka. "Nilidhani umenisusa."

"Bi Siwatu," Shaweji akaanza, akikamata ukingo wa meza, "kwa heshima na taadhima, na kwa kuzingatia ujirani mwema uliodumu kwa miaka kumi na mmoja, na nikitambua mchango wako katika sekta ya samli, naomba nichukue fursa hii adhimu…"

Bi Siwatu akageuka. Aliinua mkono wake wenye unga, akaupanua hewani, kidole gumba mpaka cha mwisho, akawa anapima maneno yake yalipofikia. Uso ukamwingia huzuni.

Shaweji akauona ule mkono. Akasukutua kwa maji vuguvugu yaliyokuwa mezani, akafumba macho, akayafumbua.

"Nakupenda," akasema.

Mkono wa Bi Siwatu ukashuka polepole. Akakunja vidole vyote, akabakisha kimoja, akakitazama kwa muda.

"Kaa," akasema, "chai inachemka."